Kutafuta anwani za wafadhili kwa kompyuta: programu hizi zinawafaa watu wa Kasongo na Kabambare?

Tangu tarehe 1 Julai 2025, siku ambayo Marekani ilifunga rasmi kazi za shirika lake la misaada USAID, viongozi wengi wa vyama vya maendeleo mashariki mwa Kongo wamebaki na swali moja: sasa tumwandikie nani?

Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa kazi za kibinadamu nchini RDC. Hata chama cha kijijini ambacho hakikupokea dola moja kutoka Washington kiliweza kuguswa, kwa sababu ONG kubwa iliyokuwa ikileta mbegu, dawa au mafunzo huenda ilikuwa inalipwa kwa pesa hiyo. Mfereji ukikatwa juu, bustani ya chini inakauka.

Kwenye swali hilo ndipo wauzaji wa programu wanapoingia. Kuna programu za kompyuta, au ordinatere kama wengi wetu tunavyoiita, zinazoahidi kukutafutia anwani za barua pepe peke yake. Unaiweka kwenye mashine, unaandika maneno kama « ONG kilimo Kinshasa », unaiacha usiku kucha, na asubuhi unakuta orodha ya mamia au maelfu ya anwani. Ahadi hiyo inavutia. Lakini je, kwa chama cha wakulima wa mpunga kule Nyangwe, au koperative ya wanawake wa Kabambare, pesa hiyo ya kununua programu itarudi?

Jibu letu kwa ufupi: mara nyingi hapana. Programu nyingi zinafanya kweli kile zinachosema. Shida ni kwamba kile zinachofanya hakifanani na kile chama kidogo cha Maniema kinahitaji. Tueleze kwa nini, na kwa yule anayetaka kununua hata hivyo, tueleze namna ya kuipima kabla ya kulipa.

Zinafanya nini hasa

Programu ya aina hii inasoma kurasa za intaneti kama mtu anavyosoma, ila kwa haraka zaidi. Inafungua ukurasa, inatafuta alama ya @, inachukua maneno yaliyo kushoto na kulia ya alama hiyo, kisha inafuata viungo vilivyomo kwenda ukurasa mwingine. Inarudia hivyo mpaka ifikie mwisho uliopangiwa. Baadaye inafuta anwani zilizojirudia na kukupa orodha.

Atomic Email Hunter ya kampuni ya AtomPark ni mfano unaojulikana wa programu inayowekwa kwenye kompyuta. theHarvester ni nyingine, ya bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya wataalamu wa usalama wa mitandao wanaotaka kujua ni anwani gani za kampuni zimeachwa wazi. Hiyo haina vitufe vya kubonyeza: unaiendesha kwa kuandika amri, na asiyezoea atapotea haraka. Kuna pia huduma zisizowekwa kwenye kompyuta, kama Hunter, ambazo unazitumia moja kwa moja kwenye intaneti.

Hunter na wenzake wanafanya jambo moja zaidi: kukisia. Wakiona kwamba wafanyakazi watatu wa kampuni fulani wanatumia jina, nukta, ukoo, kisha jina la kampuni, wanakisia kwamba mfanyakazi wa nne naye yuko hivyo hivyo. Kule Brussels au Paris makisio hayo mara nyingi yanapatia, kwa kuwa kila kampuni ina jina lake kwenye intaneti na kila mfanyakazi ana anwani ya kazi.

Kwa nini hazituoni sisi

Sasa leta programu hiyo Maniema. Nchini kwetu vyama vingi, na hata ofisi nyingi za serikali, zinatumia anwani za Gmail au Yahoo. Tuna alama yetu ya nchi, .cd, lakini wengi hawana tovuti inayoitumia. Programu inayokisia haina pa kushika: anwani ya Gmail inaweza kuandikwa namna yoyote, pamoja na mwaka wa kuzaliwa au jina la mtoto.

Pili, mazungumzo yetu hayako kwenye tovuti. Yako kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye Facebook. Kundi la WhatsApp limefungwa, programu haiwezi kuingia. Facebook nayo inahitaji uingie kwa jina lako kabla ya kuonyesha mengi, na masharti yake yanakataza kukusanya habari za watu kwa mashine bila ruhusa.

Tatu, anwani nyingi zenye faida kwetu ziko ndani ya makaratasi ya PDF: ripoti, tangazo la mradi, orodha ya waliohudhuria mkutano. Programu zisizosoma PDF zitapita bila kuona kitu. Na ikiwa karatasi ilipigwa picha kwa skana, kama barua nyingi za ofisi zetu zenye mhuri na saini, hata programu inayosoma PDF itaona picha tu, isipokuwa iwe na uwezo wa kugeuza picha kuwa maandishi.

Nne, wenye tovuti nao wamejifunza kujikinga. Kampuni ya Cloudflare, ambayo tovuti nyingi sana duniani zinapita kwake, ina njia ya kuficha anwani ili binadamu aione na mashine isiione. Kwa hiyo mfadhili mwenye tovuti nzuri, ambaye ungependa kumpata kuliko wote, anaweza kuwa ndiye programu inayemkosa.

Anwani iliyokufa

Orodha ya anwani elfu moja inapendeza macho. Swali ni ngapi kati yake bado zina mtu nyuma yake.

Fikiria anwani zote zilizokuwa zinaishia na usaid.gov. Zimetapakaa kwenye ripoti za miaka zaidi ya ishirini, na programu itakuletea kwa furaha. Leo hakuna wa kujibu. Fikiria pia ofisi zilizokuwa Goma na Bukavu kabla ya miji hiyo kuingia mikononi mwa M23 mwezi Januari na Februari 2025. Kuna mashirika yaliyohamisha wafanyakazi, kuna yaliyofunga ofisi, lakini kurasa zao za zamani bado zinasomeka na anwani zao za zamani bado zinaokotwa.

Programu nyingine zina sehemu ya kuhakiki. Zinauliza mashine inayopokea barua za shirika fulani kama sanduku lenye jina hilo lipo, bila kutuma barua. Ni kitu kizuri, lakini kina mipaka: mashine nyingine zimepangwa kusema « ndiyo » kwa kila jina, liwepo lisiwepo. Halafu sanduku kuwepo si sawa na mtu kulifungua. Mhakiki wa mashine hajui kwamba afisa wa miradi aliacha kazi miaka miwili iliyopita.

Barua elfu moja, jibu hakuna

Tuseme umepata orodha na nusu yake ni hai. Unataka kutuma barua moja kwa wote. Hapo unakutana na ukuta mwingine.

Akaunti ya bure ya Gmail hairuhusu kuandikia zaidi ya watu 500 kwa siku. Ukivuka, inafungiwa kutuma kwa muda. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza zaidi kwa wanaotuma barua nyingi: anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima athibitishe utambulisho wa anwani yake kwa njia za kitaalamu, na malalamiko ya wapokeaji yasifike 0.3%, yaani watu watatu katika elfu moja.

Chama kidogo hakitafika barua 5,000 kwa siku. Lakini mantiki ni ile ile hata kwa mdogo. Wapokeaji wakibonyeza kitufe cha kusema « hii ni takataka », Gmail inakumbuka. Barua zako zinazofuata zinaanza kuangukia kwenye kapu la takataka bila wewe kujua. Na kati ya hizo itakuwemo ile barua ya kweli, ya kujibu mfadhili aliyekuuliza bajeti.

Hili ndilo jambo zito katika habari yote hii. Anwani ya barua pepe ya chama ni kama jina la mtu kijijini: likichafuka, hata ukisema ukweli hakuna anayekusikiliza. Mwenye kampuni kubwa anaweza kununua jina jingine kesho. Chama cha Nyangwe kilichotumia anwani moja kwa miaka kumi, iliyoandikwa kwenye hati zake zote, hakiwezi.

Sheria inasema nini

Wengi wanadhani kwamba kilicho wazi kwenye intaneti ni cha kila mtu. Sivyo. Umoja wa Ulaya una kanuni ya ulinzi wa data za watu, inayojulikana kwa Kifaransa kama RGPD, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kwa kanuni hiyo, anwani yenye jina la mtu ni data yake binafsi hata kama ni ya kazini. Anwani ya jumla ya ofisi, kwa mfano inayoanza na info au contact, haimtaji mtu.

Mwezi Desemba 2024, mamlaka ya Ufaransa inayosimamia data, CNIL, iliitoza kampuni ya Kaspr faini ya euro 240,000. Kaspr ilikuwa inauza chombo cha kuunganisha na kivinjari kinachompa mteja namba na barua pepe za watu wanaoonekana kwenye LinkedIn. Ilikuwa imekusanya habari za watu wapatao milioni 160, wakiwemo wengine waliokuwa wamechagua kuficha anwani zao.

Kwetu pia sheria ipo. RDC ina Kanuni ya Kidijitali, ambayo ni amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu juu ya ulinzi wa data za watu binafsi. Majirani wametangulia au wanafuatana: Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022.

Hakuna anayetazamia kuona CNIL ikija Kasongo kumtafuta katibu wa koperative. Lakini afisa wa mfadhili wa Ulaya anayepokea barua kwenye anwani ambayo hakumpa mtu yeyote anajua imetoka wapi. Huwezi kuanza kuomba kuaminiwa na pesa kwa kumwonyesha kwamba hukujali sheria ya kwao.

Kuna na upande wetu. Katika wilaya zilizojaa makundi yenye silaha, mtetezi wa haki za binadamu au mwandishi wa habari anayeishi porini ana sababu ya kutotaka anwani na namba yake viwekwe kwenye orodha inayouzwa. Ukikusanya majina ya watu, umebeba dhamana yao.

Mambo sita ya kupima kabla ya kulipa

Kwa anayetaka kununua hata hivyo, tunapendekeza maswali haya.

Kwanza, inaonyesha imetoa wapi? Programu nzuri inakupa, pembeni ya kila anwani, ukurasa ilipoiokota. Bila hapo huwezi kujua kama ni ya mwaka huu au ya mwaka 2009.

Pili, inasoma PDF? Kwa mahitaji yetu, isiyosoma PDF ni nusu programu.

Tatu, inakula mega ngapi? Programu inayochukua maandishi peke yake inatumia kidogo. Inayofungua ukurasa mzima pamoja na picha inaweza kumaliza mega 2 kwa ukurasa mmoja: kurasa 1,000 ni gigabaiti 2. Kwa anayenunua mega kwa siku, hiyo ni gharama isiyoandikwa kwenye bei.

Nne, ikikatika inaendelea? Penye umeme wa paneli ya jua au jenereta, kazi ya usiku mzima haikosi kukatika. Programu inayoanza upya kila mara haifai.

Tano, ni malipo ya mara moja au ya kila mwezi? Malipo ya kila mwezi yanahitaji kadi ya benki na yanaendelea kukatwa hata ukisahau.

Sita, fanya jaribio la anwani ishirini. Andika kwenye karatasi mashirika ishirini ambayo anwani zake unazijua kwa hakika na zimekujibu mwaka huu. Tumia siku za majaribio ya bure kuona programu inapata ngapi. Ikipata kumi na tano, fikiria. Ikipata tatu, umejua bila kutoa hata faranga.

Onyo moja juu ya njia ya mkato: nakala zilizovunjwa kufuli zinazopita kwa kle ya USB kutoka mkono hadi mkono. Mtu aliyeivunja programu hakufanya hivyo kwa kukuhurumia. Nakala hizo zinajulikana kubeba virusi vinavyoiba nywila, na kompyuta ya chama ndiyo yenye nywila ya barua pepe na pengine ya akaunti ya pesa.

Barua moja iliyofuata mto kutoka Nyangwe

Historia ya Nyangwe yenyewe ina somo juu ya kumwandikia usiyemjua. Novemba 1876, Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe na msafara wa watu waliotoka Zanzibar, Tippu Tip akiwasindikiza mwanzoni mwa safari. Walifuata Lualaba mpaka chini. Stanley aliacha damu katika vijiji vingi vya mto huo, na hilo lisisahauliwe. Lakini tarehe 4 Agosti 1877, watu wake walipokuwa wanakufa njaa karibu na Boma, aliandika barua bila kuwa na jina la mtu hata mmoja. Aliielekeza kwa bwana yeyote wa Boma anayejua Kiingereza.

Kwa kipimo cha leo hiyo ni barua isiyo na anwani. Hata hivyo chakula kilifika baada ya siku mbili. Ndani yake Stanley alieleza wao ni nani, wametoka wapi, wako watu 115, wanahitaji nini na kwa muda gani. Na waliobeba barua walikuwa watu wenye kuweza kueleza kwa mdomo: Uledi na Kacheche, pamoja na Robert Feruzi aliyesoma shule ya wamisionari Zanzibar na kujua Kiingereza.

Kilichokuwa adimu siku ile si majina. Ni maelezo kamili na mjumbe wa kuaminika. Ndicho kilicho adimu hata leo.

Njia isiyohitaji programu

Wafadhili wanaosaidia vyama vidogo hawajifichi. Wanatoa matangazo, na kwenye tangazo wanaandika anwani ya kutuma maombi na tarehe ya mwisho. Ubalozi wa Kanada una mfuko wake wa miradi ya wenyeji, unaojulikana kama FCIL. Japani ina msaada wa miradi midogo ya wananchi unaoitwa Kusanone. Ufaransa ina mfuko kwa ajili ya mashirika ya raia, uliojulikana kama PISCCA. Umoja wa Mataifa, kupitia OCHA, unasimamia Mfuko wa Kibinadamu wa RDC. Anwani hizo zimewekwa ili uziandikie. Hakuna atakayekuuliza umezitoa wapi.

Tovuti ya ReliefWeb, inayosimamiwa na OCHA, inaweka ripoti na matangazo ya kazi kuhusu Kongo kila siku. Ripoti juu ya Kabambare inayotaja mashirika yaliyoko uwanjani inakupa kile ambacho programu haiwezi: nani anafanya kazi katika eneo lako sasa hivi.

Google nayo ina ujanja wa bure. Andika maneno Kasongo mpunga, kisha filetype:pdf, utapata makaratasi ya PDF peke yake. Andika site:reliefweb.int kisha Kabambare, utapata kurasa za tovuti hiyo tu. Saa moja ya kusoma hivyo siberini inaweza kukupa anwani tano. Tano hizo umezisoma, unajua kazi yao, na unajua cha kuwaambia.

Halafu kuna wajumbe wa karibu. Diosezi ya Kasongo, mashirika yenye ofisi Kindu, wabunge wa jimbo, wana wa Maniema walioko Kinshasa na ng'ambo: hao ni kina Feruzi wetu. Barua inayosema « tumepewa anwani yako na fulani » inafunguliwa kabla ya nyingine zote.

Mwisho, geuza swali. Badala ya kuuliza tutawapataje, jiulize wao watatupataje. Chama kiwe na anwani moja ya kazi isiyo na jina la mtu, ili rais akibadilika anwani ibaki. Watu wawili wajue nywila yake, na ifunguliwe angalau mara mbili kwa wiki. Iandikwe kwenye kila ripoti. Na mkipokea ujumbe kutoka kwa « mfadhili » msiyemjua anayeomba kwanza pesa ya faili, jueni kwamba programu hizi zinafanya kazi kwa pande zote mbili: naye huenda aliokota anwani yenu namna hiyo hiyo.

Kwa chama chenye dola hamsini katika sanduku, hesabu ni hii. Upande mmoja kuna orodha ya watu elfu moja wasiokujua. Upande mwingine kuna mega za mwezi, karatasi ya kuchapa ripoti ya mwaka, na nauli ya mtu mmoja kwenda Kindu na ripoti hiyo mkononi. Sisi tungenunua nauli.